Bibi na Chuo: Habari za Walimu Wanawake wa Kwanza wa Masasi na Newala

Wakati wa jubilei ni desturi yetu kuyasoma majina ya wakubwa waliotutangulia. Twalisoma jina la Askofu Edward Steere, aliyeuanzisha mji wa Wakristo pale Masasi mwaka wa 1876. Twalisoma la Padre Chauncy Maples, la Padre Cecil Majaliwa, na la Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka wa 1926. Ni haki kuyasoma, maana walifanya kazi kubwa. Walakini mtu akisikiliza kwa makini atatambua ya kuwa orodha hiyo karibu yote ni ya wanaume. Basi ni nani waliowafundisha bibi zetu kusoma kitabu na kushona nguo? Ni nani waliokaa na wanawake chini ya mwembe, wakiwaeleza Imani neno kwa neno hata siku ya ubatizo? Watu hao walikuwapo, tena walikuwa wengi. Makala hii yataka kuwakumbuka.

Katika Kiswahili tuna neno moja, bibi, lenye maana zaidi ya moja. Bibi ni mama wa mama au mama wa baba. Bibi vilevile ni mwanamke mwenye heshima, na kwa sababu hiyo wanawake wa misheni waliotoka Ulaya waliitwa Bibi, na mke wa mwalimu naye akaitwa Bibi. Neno hili lafaa sana kwa habari zetu, kwa kuwa mwanamke aliyeanza kuitwa Bibi kwa sababu ya kazi yake ya chuo, akiisha kuzeeka aliitwa hivyo kwa sababu nyingine. Watoto aliowafundisha walikuwa wamezaa, na watoto wao wakamwona kuwa bibi yao, ijapokuwa hakuwa wa damu yao.

Chanzo cha habari hizi si bara, ni Unguja. Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani U.M.C.A., ilianza kwa mwito wa David Livingstone, aliponena na watu wa Cambridge mwaka wa 1857. Baada ya taabu nyingi katika nchi ya mto Shire, Askofu Tozer alihamia Unguja mwaka wa 1864, naye Steere akiwa pamoja naye. Zamani zile Unguja palikuwa na soko la watumwa, na wengi wa watumwa hao walitoka katika nchi za huku kwetu na za Ziwa Nyasa: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine. Majahazi ya watumwa yalipokamatwa baharini na manowari za Kiingereza, baadhi ya watoto walikabidhiwa misheni. Mwaka wa 1873 soko likafungwa kwa mkataba, na mahali pale pale likaanza kujengwa kanisa kuu.

Wavulana waliwekwa Kiungani. Wasichana walipelekwa Mbweni, shamba lililonunuliwa mwaka wa 1871, lililo kando ya bahari. Mwaka wa 1877 alifika Bibi Caroline Thackeray, akakishika chuo cha wasichana cha Mbweni kwa miaka mingi, wala hakurudi kwao kustarehe; alikufa Unguja mwaka wa 1926. Kwake wasichana walijifunza kusoma, kuandika, hesabu, Maandiko, kushona na kazi za nyumbani. Wale walioonekana wepesi wa kusoma walifundishwa kazi ya ualimu. Wengine walitengwa, wakafundishwa kazi za mikono tu, kama kufua nguo, kupika na kulima. Tukitaka kusema kweli hatuna budi kusema na hili: si kila msichana alipewa kalamu, na waliompimia kila mmoja kipimo chake walikuwa wageni, si mama zao.

Wazee wetu husema, Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wasichana wa Mbweni walinyang'anywa mama zao wangali wadogo, na ulimwengu uliwafunza kwa ukali mno: njia ndefu, kamba ya shingoni, njaa, na jahazi lililojaa watu. Wengine walisahau hata jina la kijiji chao. Nao hao ndio waliokuja kuwa walimu wa watoto wa watu wengine. Yeyote asomaye habari hizi asilipite jambo hilo upesi.

Mwishoni mwa mwaka wa 1876 Askofu Steere aliondoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50 waliowekwa huru, wanaume kwa wanawake, akashuka Lindi, akapanda bara. Nia yake ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, katika nchi walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, chini ya majabali makubwa, waliona nchi nzuri yenye maji na rutuba, nao walikuwa wamechoka. Wakaomba wakae. Ndivyo Masasi ilivyoanza. Watu wapenda kusimulia habari ya askofu aliyetembea kwa miguu, na ni habari njema. Lakini katika msafara ule walikuwamo pia wanawake waliokwisha kuipita nchi hii wakielekea pwani hali wamefungwa. Sasa walikuwa wakirudi hali ni huru, wakibeba vyungu na mbegu, na wengine wakibeba watoto.

Hapa yafaa kueleza desturi ya nchi, maana pasipo kuijua hatutafahamu ugumu wa kazi ya wanawake wale. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mjomba ndiye mwenye neno kubwa juu yake. Kwa hiyo mwanamke ndiye mlango wa ukoo. Akikosekana yeye, ukoo hauna pa kupitia. Fikiri basi hali ya mwanamke aliyefika Masasi mwaka wa 1876. Hakuwa na mjomba, hakuwa na ndugu wa kike, wala hakuwa na bibi wa kumtaja. Katika macho ya majirani alikuwa mtu asiye na shina. Watoto wake wangeulizwa, Ninyi ni wa nani? na jawabu lilikuwa gumu. Mwanamume aliyewekwa huru aliweza kuoa katika koo za nchi, na watoto wake wakapata kwao kwa upande wa mama yao. Mwanamke aliyewekwa huru hakuwa na njia hiyo. Ilimpasa aanzishe ukoo yeye mwenyewe.

Naye aliuanzisha kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ubatizo: kwa kuwa msimamizi wa watoto na wa wanawake waliobatizwa, alipata wana wasio wa tumbo lake. Njia ya pili ni chuo. Aliyefundishwa naye hakuacha kumheshimu kama mzazi, na heshima hiyo ikashuka kwa watoto na wajukuu. Kwa hiyo neno bibi, kwa mwanamke kama huyo, lilikuwa kama hati ya kuonyesha kwamba sasa ana watu wake.

Kazi ilikuwa haijakomaa ilipopata pigo. Mwezi wa Septemba 1882 Magwangwara, ndio Wangoni wa upande wa Songea, waliishambulia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na wengine wakatekwa. Padre Porter alifunga safari kwenda katika nchi ya Wangoni ili kuwakomboa mateka, lakini si wote waliopatikana. Tuliweke moyoni jambo hili: mtu aliyetekwa utotoni, akauzwa, akawekwa huru, akafundishwa, akajenga nyumba yake, aliweza siku moja kutekwa mara ya pili. Baada ya hapo baadhi ya watu walirudi pwani. Wengine wakamfuata Padre Maples mpaka Newala mwaka wa 1883, wakakaa karibu na Matola, mkubwa wa Wayao, aliyewakaribisha. Masasi baadaye ikainuliwa tena.

Katika miaka ile alikuja Padre Cecil Majaliwa pamoja na mkewe, Lucy Magombeani. Majaliwa alikuwa Myao, naye aliuzwa utumwani akiwa mtoto. Alisoma Kiungani, akapelekwa Uingereza kusoma Canterbury, akawa shemasi mwaka wa 1886; na mwaka wa 1890 Askofu Smythies akampa upadre katika kanisa kuu la Unguja. Ndiye Mwafrika wa kwanza wa misheni yetu kupata daraja hiyo. Kituo chake kilikuwa Chitangali, katika nchi ya Newala, kwa mkubwa Barnaba Nakaam. Alikaa huko takriban miaka kumi, na mara nyingi hapakuwa na Mzungu karibu naye.

Habari za Majaliwa zimeandikwa mara nyingi. Za Lucy ni chache, nazo zaonekana nyuma ya jina la mumewe. Lakini sisi tulio walimu wa dini twajua nyumba ya padre huendeshwaje. Padre akiwa safarini katika vijiji, mgonjwa hubishia mlango wa nani? Mwanamke atakaye kubatizwa, mwenye haya ya kusema na mwanamume, huja kwa nani? Nyumba ya Chitangali ilikuwa nyumba ya kwanza ya padre Mwafrika ambayo watu wa nchi ile waliiona, na machoni pao ilikuwa kama kitabu kilichofunuliwa. Walitazama jinsi mume anavyosema na mke wake, na jinsi watoto wa kike wanavyolelewa. Wasiojua herufi hata moja waliweza kukisoma kitabu hicho. Lucy na Cecil walirudi Unguja kabla ya karne ile kwisha. Katika uzao wa padre huyo alitokea John Ramadhani, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Tanzania tangu mwaka wa 1984 hata 1998. Basi nyumba iliyoanzishwa na watu wawili walionyimwa ukoo wao ilimpatia Kanisa zima mchungaji wake mkuu.

Chuo cha wasichana katika nchi yetu kilikuwa na vizuizi vingi, na vyafaa kutajwa ili walimu wa leo wajue wenzao walianzia wapi. Kizuizi cha kwanza ni maji. Uwanda wa juu wa Makonde una misitu minene na udongo wa mchanga, lakini juu yake hakuna mito. Mvua hunywewa na mchanga, na maji hutokea chini, mabondeni. Mwanamke wa Newala iliwapasa yeye na binti zake kuteremka genge kabla ya jua kuchomoza, wakapanda tena na mtungi kichwani. Msichana aliyefika chuoni alikuwa amekwisha kufanya kazi ya nusu siku. Mwalimu mwanamke alilijua hilo, maana mtungi wake mwenyewe ulikuwa pembeni.

Kizuizi cha pili ni hofu ya wazee. Walisema, Mtoto wa kike akijua kusoma ataandika barua kwa wanaume. Naye akikaa chuoni nani atalima? Kizuizi cha tatu ni unyago. Wakati wa unyago msichana hutolewa, na akirudi huhesabiwa kuwa mtu mzima, tayari kuolewa. Mara nyingi mwalimu aliona benchi la chuo likipungua kwa msimu mmoja, na wale aliowafundisha herufi mwaka jana sasa wana mimba.

Wamisioni wa kwanza wengi waliuona unyago kuwa ni kitu cha kukatazwa tu. Padre Lucas aliona vingine. Mwaka wa 1913 alianza kuiongoza jando ya wavulana kwa namna ya Kikristo: yaliyo mema yakashikwa, yaliyopingana na Imani yakaachwa, na sala zikawekwa mahali pake. Jambo hili lilisifiwa na wengine na kubishiwa na wengine, lakini wavulana wa Masasi walipata kuwa Wakristo bila kuacha kuwa wana wa nchi yao. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mambo ya wanawake hayakufunuliwa kwa mwanamume, hata akiwa padre, wala Bibi wa Kizungu asiyezaa hakuhesabiwa kuwa amekomaa hata aweze kufundisha mambo hayo. Basi ni nani aliyebaki? Ni yule mwanamke Mkristo mwenye umri, aliyezaa na kulea, aliyesoma chuoni na ambaye wanawake wenzake humsikiliza. Hapo bibi na mwalimu wakawa mtu mmoja. Aliyajua ya kitabu na aliyajua ya nyumbani, naye aliweza kumwambia kungwi wa kijiji, Hili tulishike, hili tuliache, pasipo kuonekana mgeni.

Mapigo mengine mawili yalikuja. Mwishoni mwa Agosti 1905 vita vya Maji Maji vilifika Masasi. Majengo ya misheni yalichomwa, Wazungu wakakimbilia Lindi, na baada ya vita njaa kali ikaenea kusini. Halafu vita kuu ya 1914 hata 1918: wamisioni wa Kiingereza waliwekwa kizuizini na serikali ya Kijerumani, vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi, na mwezi wa Novemba 1917 majeshi yalipita Newala yakielekea Ruvuma. Katika nyakati hizo Wakristo walibaki na mapadre na walimu wao Waafrika. Na pale mwalimu mwanamume alipochukuliwa, aliyebaki ni mkewe. Vitabu vingi viliungua, lakini kilichokwisha kuingia vichwani mwa wanawake hakikuungua. Mama aliyejua Sala ya Bwana na Amri Kumi aliwafundisha watoto wake jikoni, na chuo kilipofunguliwa tena mwalimu hakuanza kwenye jangwa.

Hata hivyo tusiwafanye watu hawa kuwa malaika. Misheni yenyewe iliwapenda wasichana kwa sababu mojawapo kubwa, yaani walimu wapate wake Wakristo. Mshahara wa mwanamke, alipopewa, ulikuwa mdogo. Wengi walifundisha miaka mingi, na daftari haikuwataja ila kwa maneno mawili, mke wa mwalimu fulani. Wako waliotamani kusoma zaidi, wakaambiwa yatosha. Kuyasema haya si kuishitaki misheni iliyotulea. Ni kulipa deni kwa wanawake waliofanya kazi kubwa wakipewa sehemu ndogo.

Mwaka wa 1926 Masasi ilitengwa na uaskofu wa Zanzibar, ikawa na askofu wake, na mwaka wa 2026 ni mwaka wa 100 tangu hapo, na wa 150 tangu msafara wa Steere. Katika muda huo vyuo viliongezeka. Baada ya uhuru wa 1961 shule za misheni zilitwaliwa na serikali, ndipo mwaka wa 1974 ikaamriwa kwamba kila mtoto asome. Leo msichana wa Newala akienda shuleni hashangazi mtu. Lakini asidhani kwamba njia ile ilijifyeka yenyewe.

Basi tufanye nini? Jubilei isiwe ngoma na pilau tu. Nawasihi walimu wenzangu na wazee wa makanisa mambo matatu. Kwanza, vitazameni vitabu vya ubatizo vilivyookoka, msisome jina la aliyebatizwa peke yake, bali na majina ya wasimamizi. Mkiona jina la mwanamke mmoja likirudi mara ishirini au thelathini, mjue mmemwona mmoja wa bibi hao. Pili, waendeeni wanawake wazee kabla hawajatutoka. Waulizeni, Nani alikufundisha herufi ya kwanza? Nani alikaa nawe siku za unyago? Andikeni jina na kijiji, hata kama hamjui mwaka. Tatu, siku ya kuwaombea marehemu, majina hayo yasomwe kwa sauti pamoja na ya maaskofu na mapadre.

Mwanamke aliyefika Masasi mwaka wa 1876 hakuwa na mtu wa kumwita binti wala ndugu. Ikiwa leo parokia nzima yaweza kumtaja na kusema, Huyu ni bibi yetu, basi ukoo alionyang'anywa amerudishiwa, nasi tumejua sisi ni wa nani.